Hofu yangu ni kwa samaki waliopona

"Daktari, hujambo. Mdogo wangu amefanya kazi miaka mitatu kwenye kituo cha kutotolesha samaki wa baharini huko Ghuba. Mwezi uliopita vifaranga wa barramundi wa wiki tatu walianza kuwa weusi, wakazunguka kama pia, wakaelea tumbo juu. Siku ya kwanza walikufa wachache. Kufikia siku ya sita tangi zima lilibaki na vifaranga wa kuhesabu. Walitiwa antibayotiki mara mbili, haikusaidia. Msimamizi anasema vijana walizembea kubadilisha maji, na amewakata mshahara. Sasa mdogo wangu anataka kurudi nyumbani. Tuna chama hapa Umoja, tumeweka akiba, na mama ana kipande cha shamba karibu na mkono wa bahari Kilifi. Kuna rafiki atakayempa mayai, au wale vifaranga waliopona, anasema hao 'wana kinga', awalete kwa ndege kwenye mifuko ya oksijeni tuanze nao. Je, ni kosa lao kweli? Kuna dawa ambayo samaki hawakupewa? Wao wenyewe walikuwa wakila samaki wakubwa wa kituo hicho, wako salama? Na tukianza Kilifi tufanye nini yasitukute hayo?"

Sijambo dada, na umpe mdogo wako pole zangu. Kutazama tangi la vifaranga likigeuka uji ndani ya wiki moja kunavunja moyo hata kama samaki si wako.

Kabla sijajibu, naomba umpigie simu leo hii umwambie asibebe kifaranga hata mmoja wala yai hata moja. Sababu nitazieleza kwa urefu hapa chini. Mambo mengine yote uliyoniuliza yanaweza kungoja wiki ijayo, hili haliwezi.

Dalili ulizoandika zinanipeleka kwa kundi la virusi linaloitwa betanodavirusi. Ugonjwa wenyewe wafugaji huuita VNN. Kwa lugha yetu ni ugonjwa unaoua neva. Kuuthibitisha nikiwa nimekaa Kabete na samaki wako Ghuba sitaweza, hiyo ni kazi ya maabara. Lakini ukiniambia nibashiri, nitabashiri huo, kwa sababu ya mambo matatu yaliyokutana: umri wa wiki tatu, kuzunguka kama pia, na vifo vilivyoanza kidogo kisha vikapanda kila siku.

Si ugonjwa mpya. Ulianza kuelezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa barramundi wa Australia na kwa samaki wa kufugwa Japani. Mwaka 1992 watafiti wa Japani wakakitambua kirusi chenyewe katika vichanga vya samaki wa jamii ya kolekole. Tangu hapo umeonekana Mediterania, Asia ya Kusini-Mashariki na kwingineko, katika spishi zaidi ya 100. Tewa huumia vibaya sana, na barramundi pia. Huyu barramundi, kwa wasiomjua, ni ndugu wa karibu wa mbuta wetu wa Ziwa Victoria, wote wawili ni wa jenasi ya Lates. Ukipita Gikomba ukamwona mbuta amelazwa mezani, umeona sura ya ukoo huo.

Sasa tuangalie kilichotokea ndani ya mwili wa kifaranga. Kirusi hiki ni kidogo mno hata miongoni mwa virusi, nanomita 25 hadi 30 tu, na kinapenda neva. Huingia kupitia ngozi, matamvua au mdomo, kikapanda kwa njia za neva hadi kwenye ubongo, uti wa mgongo na retina ya jicho. Huko huzaliana ndani ya seli na kuziua. Ukikata kipande chembamba cha ubongo wa kifaranga mgonjwa, ukakitia rangi na kukiweka chini ya hadubini, unaona matundu matundu kama ndani ya kitumbua kilichoumuka vizuri. Retina nayo huwa hivyo hivyo.

Ukishajua hilo, dalili zote zinajieleza. Samaki hulinganisha rangi ya mwili wake na mwanga unaoingia machoni, kwa hiyo akipofuka anakuwa mweusi. Sehemu za ubongo zinazoshika mizani zikiharibika anazunguka. Kifuko cha hewa tumboni hujaa kupita kiasi, naye anaelea kama boya. Chakula kinapita mbele ya mdomo wake hakioni. Wengi hufa na njaa juu ya ugonjwa.

Kwa nini vichanga zaidi kuliko wakubwa? Kwanza, kinga yao bado haijajengeka. Kichanga cha wiki tatu kina urefu wa sentimita moja hivi, na ule uwezo wa mwili kumkariri adui na kumtengenezea silaha maalumu haujakomaa. Pili, neva zake zinakua kwa kasi, na seli changa ndizo kirusi kinazozitumia vizuri. Tatu, ni msongamano. Waswahili husema maji ya kifuu bahari ya chungu. Tangi la tani mbili tunaliona dogo, lakini kwa kirusi ni bahari iliyojaa wenyeji, vichanga kadhaa katika kila lita, na kila anayekufa anamwagia wenzake virusi vingine. Ndiyo maana vifo hupanda kama ngazi: leo 20, kesho 100, keshokutwa hawahesabiki. Kituo kinaweza kupoteza vichanga wote wa mzao mmoja. Si ajabu wala si uzembe wa kipekee.

Hapo ndipo ninapotofautiana na msimamizi. Maji mabaya huua kwa namna nyingine. Oksijeni ikiisha usiku, asubuhi unakuta wamekufa kwa mpigo, na kabla ya kufa walikuwa juu wakitafuta hewa. Wakubwa mara nyingi ndio hutangulia. Wafugaji wa vizimba Ziwa Victoria wanaijua hali hiyo: maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda juu, na kizimba kizima kinakwisha kabla jua halijachomoza. Amonia nayo hushambulia matamvua, samaki wanahema haraka na kusuguana. Ukirekebisha maji, waliobaki wanapata nafuu siku hiyo hiyo. Ugonjwa uliopanda siku sita mfululizo, huku samaki wakizunguka na kupofuka, hauelezeki kwa kusema maji hayakubadilishwa. Maji machafu yanaweza kuudhoofisha mwili wa samaki na kuharakisha mambo, hilo nakubali. Lakini hayazai kirusi.

Niwe mkweli pia upande wa pili, maana kumtetea mdogo wako kwa upofu hakutamsaidia atakapokuwa na samaki wake. Mfanyakazi anaweza kukihamisha kirusi kutoka tangi hadi tangi. Kimia kimoja kinachotumika kote, ndoo moja, mpira wa kunyonyea uchafu, gambuti, mikono iliyolowa, vyote ni vyombo vya usafiri. Kama vijana walianza kazi kwenye tangi la wagonjwa kisha wakaenda kwa wazima, walikisambaza. Ila swali langu kwa kituo lingekuwa hili: nani aliwanunulia vimia vya kila tangi? Nani aliwapangia waanze na tangi lipi? Na samaki wazazi walipimwa lini? Hayo huamuliwa ofisini. Suala la mshahara uliokatwa liko nje ya taaluma yangu. Ubalozi wetu na watu wa leba ndio wa kuulizwa, na mdogo wako atunze kila karatasi na kila ujumbe wa simu.

Kuhusu dawa, jibu ni fupi: haipo. Antibayotiki huua bakteria, na kirusi si bakteria. Wakati mwingine mfugaji huapa kwamba ilimsaidia, na huenda kuna chembe ya ukweli, kwa kuwa samaki aliyelegea hushambuliwa pia na bakteria wa baharini kama Vibrio, na hao antibayotiki inawagusa. Lakini chanzo kinabaki palepale. Nawe umemwaga hela, umeua bakteria wazuri wanaosafisha maji kwenye chujio, na umewafundisha wabaya kuizoea dawa. Nasikitika kusema kwamba hata hapa Nairobi kuna agroveti watakaokuuzia pakiti ya oksitetrasaiklini kwa ugonjwa wowote utakaowatajia, hata ukisema samaki wako ana mawazo.

Chanjo je? Ulaya ipo ya sindano kwa samaki wa Mediterania wanaoitwa seabass, na inafanya kazi. Tatizo utaliona mwenyewe: huwezi kumdunga sindano kiumbe wa sentimita moja. Chanjo hiyo humlinda kifaranga aliyekwisha kupata uzito wa gramu kadhaa, wakati yule wa wiki tatu amekwisha kufa.

Sasa nirudi kwenye wale vifaranga "wenye kinga".

Dada, ninyi mnawaogopa waliokufa. Mimi nawaogopa waliopona. Aliyekufa anatolewa kwa kimia, anazikwa kwenye chokaa, ameisha. Aliyepona anakula, anang'aa, anaogelea vizuri, ukimtazama unamsifu. Ni kweli ana kingamwili kwenye damu. Lakini kirusi kimejificha kwenye ubongo na macho, mahali ambapo kinga haifiki kirahisi, na kinaweza kukaa humo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila dalili yoyote. Siku maji yakipata joto, siku akihamishwa, siku akianza kutaga, kinaamka na kumwagika majini. Mdogo wako akiwaleta hao Kilifi, kinga wanayo wao peke yao. Watakaoishi nao wanapewa kirusi.

Na akiwa mzazi mambo ni mabaya zaidi. Jike aliyebeba kirusi anakipitisha kwenye mayai, na dume kwenye manii. Wajapani waliligundua hili mapema kwa wale kolekole wao: kadiri jike alivyotagishwa mara nyingi katika msimu mmoja ndivyo mayai yake yalivyozidi kubeba kirusi, kwa maana kutaga kulimchosha na kirusi kikapata nafasi. Walipoanza kuwapima wazazi, kuwaondoa waliokutwa nacho, kupunguza mara za kutagisha na kuyaosha mayai kwa maji yenye ozoni, vifo vya vichanga vikapungua sana. Hiyo ndiyo njia iliyofaulu, na yote inaanzia kwa mzazi. Kuosha mayai husaidia kuondoa kirusi kilicho juu ya ganda. Kilichoingia ndani ya yai hakioshwi.

Ndiyo maana hata mayai nimeyakataa. Mfuko wa mayai ya barramundi unaonekana safi kama maji ya chupa, na unaweza kuwa na kila kitu mnachokikimbia. Zaidi ya hayo, kuingiza samaki hai au mayai yake nchini bila kibali ni kosa chini ya sheria ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi ya mwaka 2016. Kuna kibali cha Huduma ya Uvuvi ya Kenya, kuna idhini ya madaktari wa mifugo wa serikali, na kuna cheti cha afya kutoka nchi wanakotoka samaki. Najua vibali vinachosha. Lakini mwaka 2011 kirusi cha madoa meupe cha kamba kiliingia mashamba ya Msumbiji, na mwaka uliofuata kikawa Madagaska. Bahari hiyo ndiyo yetu. Kamba, kaa na samaki wa mkono wa bahari anaokula mama yako hawana mlango wa kufunga.

Mtu atasema: si tuwapime tu kabla ya kuwaleta? Tupime, lakini tujue kipimo kinasema nini. PCR, kile kipimo ambacho sote tulikizoea wakati wa korona, kinaweza kukikuta kirusi kwenye ubongo na macho ya samaki. Lakini ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba kundi kubwa halina ugonjwa ulioenea kwa samaki 2 katika kila 100, unahitaji kupima kama samaki 150. Ukipima watano wakatoka safi, umejua habari za hao watano. Na kwa vile sampuli ni ubongo, waliopimwa hawarudi majini. Kwa wazazi, ambao hakuna anayetaka kuwaua, huchukuliwa damu ya kutafuta kingamwili na kipande kidogo cha mayai au manii, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu kirusi kilicholala kinaweza kukosekana leo na kuonekana wakati wa kutaga.

Kuhusu kula samaki, tulia. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa kirusi hiki. Ni cha samaki, kimezoea mwili wenye joto la maji anamoishi, na hakina njia ya kushika seli za binadamu. Samaki mkubwa mwenye afya aliyepikwa vizuri hana tatizo. Ninachokataza ni kula samaki aliyekutwa amekufa, kwa sababu ya kuoza, na samaki aliyetiwa dawa juzi, kwa sababu mabaki ya antibayotiki bado yako nyamani. Na wafu wasiwe chakula cha samaki wengine. Nimeona mtu akiwasaga ili asipate hasara. Alipata hasara mara mbili.

Tuje Kilifi. Nitasema nionavyo, nanyi mna haki ya kukataa.

Kituo cha kutotolesha samaki wa baharini si mradi wa kuanzia kwa chama. Kutotolesha kambale au tilapia ni jambo jingine, mtu hujifunza akaweza. Kichanga cha samaki wa baharini huzaliwa bila mdomo uliokamilika, kisha kinataka chakula hai: rotifa kwanza, halafu artemia, wote vidudu vidogo vya majini, na rotifa wenyewe wanataka mwani mdogo wa kuwalisha. Yaani unafuga mifugo mitatu ili upate mmoja. Umeme ukikatika dakika 20 pampu ya hewa ikazima, mzao umekwenda. Na wazazi ni kusubiri miaka. Barramundi huanza maisha akiwa dume na kugeuka jike akiwa mkubwa, kwa hiyo anayetaka majike anafuga madume kwanza na kungoja. Juu ya hayo, barramundi si samaki wa pwani yetu kabisa. Akitoroka kwenye mkono wa bahari, hatujui atakula nini wala nani.

Samaki aitwaye mwatiko (milkfish) ni mazungumzo mengine. Vikundi vya Kilifi na Kwale vimemfuga kwenye mabwawa ya maji ya chumvi kwa miaka, na huyu ni wa hapa hapa. Anavumilia joto, anavumilia chumvi ikipanda na kushuka, anakula chini kwenye mlolongo wa chakula. Kasoro zake nazo zipo. Vifaranga hukusanywa mikononi mwa bahari kwa msimu, msimu ukigoma hakuna mbegu, na katika kimia huingia mkizi na wageni wengine. Hata wa porini wanaweza kubeba vimelea, msidhani aliyetoka baharini ni malaika. Na ana miba mingi, jambo ambalo mteja wa City Market atakulalamikia hadharani, wakati mtu wa Kilifi halioni kuwa tatizo. Kituo cha ufugaji wa baharini cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, kiko Shimoni, Kwale. Kabla ya kuchimba hata shimo moja, mdogo wako aende huko akaulize msimu huu wana vifaranga gani na mafunzo gani. Ujuzi alioupata Ghuba ni mali, watamwelewa haraka.

Mkishaanza, lindeni mambo machache bila kuyachokea. Kila mgeni akae kwenye kidimbwi cha peke yake, maji yake yasichangamane na ya wengine, angalau wiki tatu au nne. Msichanganye umri: wakubwa waliozoea kirusi huwaambukiza wadogo wasiokijua. Kazi ianze kila asubuhi kwa wadogo na wazima, imalizikie kwa wagonjwa na wa karantini. Kila bwawa na kimia chake. Na msiwalishe dagaa wala ngisi wabichi, hata kama ni bei ya bure. Virusi hivi vimepatikana kwa samaki na ngisi wa porini wanaotumika kama chakula, na friza haiviui, inavihifadhi tu. Nadhani vituo vingi vimejiletea balaa kwa ndoo ya chakula cha wazazi kuliko kwa njia nyingine yoyote, ingawa mkubwa wa kituo hapendi kusikia hivyo kwa sababu wazazi wakila ngisi hutaga vizuri.

Kwenye usafi kuna kosa moja nalisikia sana. Wakati wa korona tulifundishwa sabuni, na sabuni ilifaa kwa kuwa kirusi kile kimevaa koti la mafuta, koti likiyeyuka kimekwisha. Betanodavirusi hawana koti hilo. Sabuni inaondoa uchafu tu. Majini vinaweza kuishi kwa miezi. Formalini, ambayo wengi huitegemea, haivitikisi inavyotakiwa. Klorini inaviua: katika maabara miligramu 50 kwa lita kwa dakika 10 zilitosha. Ukiwa na klorini ya chembechembe yenye nguvu ya asilimia 65, hiyo ni gramu 77 kwa kila lita 1,000. Lakini ya maabara ni maji safi. Tope na ute hula klorini, kwa hiyo sugua kwanza, suuza, ndipo utie klorini, na uiache usiku mzima. Kabla samaki hawajarudi, iondoe kwa sodiamu thaiosalfeti na upime, maana klorini huua samaki haraka kuliko ugonjwa wowote. Usiichanganye na asidi wala dawa ya choo, gesi yake itakuua wewe.

Kirusi hiki si cha pekee, naomba mlikumbuke hilo pia. Upo ugonjwa wa iridovirusi ulioonekana Japani mwaka 1990, unaoshambulia wengu na figo za samaki, matamvua yakawa meupe. Upo wa vinundu vya ngozi unaotisha macho ila mara nyingi hupona wenyewe. Ndiyo maana sipendi kutibu kwa picha ya simu.

Kwa hiyo mkiona kwenye bwawa lenu samaki wanazunguka, wameacha kula ghafla, au vifo vimeongezeka siku mbili mfululizo na maji mmeyapima ni mazuri, msingoje siku ya tatu. Fungeni maji yasitoke kwenda baharini, msihamishe samaki wala kuuza walio hai, na muiteni ofisa wa uvuvi wa kaunti pamoja na daktari wa mifugo. Kwa Nairobi, maabara kuu ya mifugo ya serikali iko Kabete, na kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko huko huko. Pigeni simu kwanza muulize kama wana vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya kirusi mnachokishuku, msije mkasafiri bure. Wakati mwingine jibu ni kwamba sampuli itapelekwa nje, na hiyo ni gharama na subira.

Sampuli nayo ina adabu yake. Nilipokuwa kijana nilipakia samaki waliokufa kwenye karai la barafu, nikapanda nao basi la usiku kutoka pwani. Barafu iliyeyuka Mtito Andei. Nilipofika Kabete mlinzi alinijua kwa harufu kabla hajaniona, na maabara haikupata lolote la maana. Tangu siku hiyo nasema: chukua wanaoumwa ambao bado wanapumua, si waliooza. Gawa makundi mawili. Wa kwanza watie kwenye alkoholi kali, asilimia 70 kwenda juu, hao ni wa PCR. Wa pili kwenye formalini ya asilimia 10, hao ni wa hadubini. Vichanga huwekwa wazima wazima. Andika tarehe, umri, joto la maji na idadi ya waliokufa kila siku. Mdogo wako kama bado ana daftari la vifo la tangi lile, alipige picha kabla hajaondoka. Itamfaa kwenye suala la mshahara, na itanifaa mimi.

Jambo moja naomba ulifanyie kazi wewe ukiwa huku Umoja. Mpigie mama umuulize maji ya mkono ule wa bahari huwaje wakati wa masika: yanabaki na chumvi, au mvua ikishamiri mtu anaweza kuyaweka mdomoni? Na je, kuna mto au mtaro unaoingia karibu na shamba, na juu yake kuna nani? Nikipata jibu lake nitajua kama tuzungumze juu ya mwatiko au juu ya kitu kingine kabisa.